Bwana Sakarani: Afisa Aliyeishinda Uhehe kwa Njaa

Ukitoka Mombo kupanda Usambara kwenda Lushoto, barabara inajikunja kona baada ya kona hadi Soni, penye maporomoko ya maji na akina mama wanaouza matunda kando ya njia. Hapo kuna njia ya vumbi inayochepuka kwenda Sakharani, shamba la watawa Wabenedikto linalojulikana kwa mvinyo na karanga za makadamia. Wageni wengi huuliza bei ya chupa, wachache huuliza maana ya jina. Jina lenyewe ni la mtu: Tom von Prince, kapteni wa jeshi la Kijerumani, aliyeitwa Bwana Sakarani na askari wake na watu wa bara. Neno limetokana na Kiarabu, nalo lina maana ya mlevi. Pombe haikuhusika. Waliompa jina hilo walisema akishaingia vitani hulewa vita vyenyewe, haoni kinachomjia wala hasikii la kuambiwa.

Askari na wapagazi wa wakati ule walikuwa hodari wa kuwabatiza Wazungu. Mwenzake Prince, Emil von Zelewski, walimwita Nyundo kwa kupondaponda kwake watu wa pwani. Nyundo aliuawa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, yeye na sehemu kubwa ya jeshi lake, kwa mikuki ya Wahehe. Sakarani alikwenda nchi ile ile, akapigana na mtawala yule yule, Mkwawa, kwa silaha ambazo hazikuzidi sana zile za Zelewski, na miaka saba baadaye Uhehe ikawa mkononi mwake. Vitabu vyetu vya shule huipita miaka hiyo saba kwa sentensi moja: Wajerumani walikuwa na silaha bora. Nyundo naye alikuwa nazo. Kwa hiyo tuyatazame maisha ya afisa huyu kwa swali la fundi kuliko la hakimu: kazi ile aliifanyaje, na aliifanya kwa mikono ya nani?

Alizaliwa Port Louis, Morisi, Januari 1866. Kisiwa kilikuwa cha Waingereza. Baba yake alikuwa Mwingereza, afisa wa polisi. Mama yake Mjerumani. Alifiwa na wazazi akiwa bado mdogo, akapelekwa Ujerumani kwa jamaa za mama, akasoma huko na kuingia jeshini. Katika shule ya kijeshi alifahamiana na kijana aitwaye Paul von Lettow-Vorbeck, jina ambalo msomaji wa historia yetu hahitaji kuelezwa. Wakati huo wote wawili hawakuwa na habari ya Tanga.

Jeshi alilolikuta pwani mwanzoni mwa miaka ya 1890 lilikuwa la Kijerumani kwa bendera na kwa maafisa wake wachache. Hermann von Wissmann alikuwa ameliunda mwaka 1889 ili kuvunja vita vya Abushiri bin Salim. Alikwenda Cairo akaajiri Wasudani waliokwisha kupigana katika jeshi la Misri, akaongeza watu kutoka Msumbiji waliopewa jina la Wazulu, kisha akajazia Waswahili wa hapa hapa. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na mwaka 1891 kundi hilo likafanywa jeshi rasmi la koloni. Vyeo vyake vilikuwa vya Kituruki vilivyopitia Misri: ombasha, shaushi, efendi. Afisa kijana kama Prince aliweza kutoa amri, lakini amri ilishuka kwa ulimi wa efendi na shaushi, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu cha kambini. Leo mtu akimwita polisi "afande" analitamka neno lililobebwa na jeshi la aina hiyo.

Askari hao hawakuwa watumwa, wala hawakuwa wazalendo wa Kaisari. Walipokea mshahara uliozidi mara kadhaa wa kibarua wa shambani, walisafiri na wake zao na vijana wa kuwabebea mizigo, na walitarajia kupata sehemu ya ng'ombe na mateka. Kwa adabu kulikuwa na kiboko, mikwaju ishirini na mitano, "hamsa ishirini" ambayo wazee wetu waliitaja miaka mingi baada ya Mjerumani kuondoka. Nyuma ya askari walikuja rugaruga, wapiganaji wa watemi rafiki, wasio na mshahara wala sare, ambao malipo yao yalikuwa kile walichokikuta kwenye kijiji kilichoshindwa. Ripoti zilizopelekwa Berlin huwahesabu Wazungu kwa majina na askari kwa idadi. Rugaruga hutajwa kwa kukadiriwa tu, kama vile mtu anavyokadiria kundi la ndege.

Kazi iliyomjengea Prince jina ilikuwa Tabora. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa ameishika njia ya misafara ya pembe za ndovu na hakuona sababu ya kugawana na wageni ushuru wa njia yake mwenyewe. Mwaka 1892 ngome yake ilishambuliwa zaidi ya mara moja, na kila mara washambuliaji walirudi nyuma. Januari 1893 Prince, wakati huo luteni, aliizingira tena na kuivunja. Isike alipoona ukuta umeingiliwa aliingia kwenye ghala la baruti na kujilipua. Hakufa papo hapo. Wajerumani walimkuta bado anapumua, wakambeba, wakamtundika.

Tendo la kumnyonga mtu aliye katika kukata roho linafaa kukaliwa kidogo, kwa sababu halina faida yoyote ya kivita. Vita vilikuwa vimekwisha. Aliyekusudiwa hakuwa Isike tena. Walikusudiwa waliokuwa wakitazama. Ilibidi mtemi aonekane amekufa kwa hukumu ya serikali mpya, asije akasimuliwa kuwa amekufa kwa uamuzi wake mwenyewe. Mahali pake akawekwa Bibi Nyaso, wa ukoo ule ule wa utawala, na shughuli zikaendelea. Hayo mawili, kuua kwa maonyesho na kumweka ndugu wa marehemu kwenye kiti, Prince alikuja kuyarudia Iringa. Safari ile hayakumwendea vizuri.

Huko kusini hali ilikuwa nyingine. Mkwavinyika, ambaye jina lake tumelifupisha kuwa Mkwawa, alikuwa amerithi nchi aliyoiunganisha baba yake Munyigumba kutoka vijitawala vingi vidogo. Lugalo ilimpa bunduki takribani 300 na heshima isiyo na kifani, lakini pia ilimpotezea watu wake wengi, na inasemekana alikataza matanga ili adui asijue hasara. Zelewski aliangushwa zaidi na dharau yake kuliko na uchache wa watu: alikwenda na safu ndefu ya askari na wapagazi ndani ya nchi asiyoijua, na mashambulizi yalikuja kwa ghafla hata bunduki za rashasha, ambazo wazee waliziita bombomu, hazikuwahi kutegwa. Kambi na hospitali ya jeshi letu pale Dar es Salaam zinaitwa Lugalo kwa ajili ya asubuhi hiyo.

Mkwawa alichukua funzo moja kutoka ushindi wake, na nadhani lilikuwa funzo baya. Alijifungia nyuma ya ukuta. Ngome ya Kalenga ilizungushwa ukuta mrefu, mpana wa kuweza kusimamiwa na walinzi, na kwa vita vya mikuki na gobore haikuwa na mfano katika nyanda hizo. Kwa mizinga ilikuwa shabaha isiyosogea. Gavana von Schele aliifikia Oktoba 1894, na tarehe 30 mwezi huo ikavunjwa, Prince akiwa miongoni mwa maafisa walioongoza vikosi vya kuingia. Wanawake na watoto kwa mamia walichukuliwa mateka, pamoja na ng'ombe na shehena ya baruti. Mkwawa mwenyewe hakuwemo. Alikuwa ametoka.

Hapo ndipo hesabu ya silaha bora inapoishia. Wajerumani walikuwa na ngome, lakini hawakuwa na nchi. Schele alirudi pwani, na Wahehe wakarudi mashambani mwao, na mtwa wao, yaani mtawala wao, akaendelea kutii­wa akiwa porini kama alivyotiiwa akiwa Kalenga. Wissmann aliporudi kuwa gavana mwaka 1895 alijaribu mazungumzo, yasizae kitu. Mwaka 1896 akatumwa Prince, safari hii abaki.

Alijenga boma kwenye uwanda wa juu, kilomita chache kutoka Kalenga, karibu na mwamba wa Gangilonga, na mji ukachukua jina la Iringa, ambalo asili yake ni lilinga, neno la Kihehe la ngome. Tuseme wazi: mji wa leo umejengwa na mshindi na kupewa jina la kile alichokivunja. Boma la Kijerumani lililobaki mjini sasa ni makumbusho, nalo lina ukimya wa jengo ambalo limekuwa na wapangaji wengi.

Kutoka hapo Prince aliendesha vita vya namna nyingine kabisa, na ndivyo vinavyomtofautisha na Nyundo. Kwanza aliwatafuta waliokuwa na kisasi na Mkwawa, nao hawakuwa wachache, maana nchi kubwa hujengwa kwa kuwaonea majirani. Merere wa Usangu, ambaye ukoo wake ulikuwa umefukuzwa kwao na Wahehe, alirudishwa Utengule kwa msaada wa Wajerumani. Kiwanga wa Wabena, kule bonde la Ulanga, alishikamana nao kwa sababu zake mwenyewe na alibaki nao hadi kifo chake wakati wa vita vya Maji Maji. Watawala hawa tumezoea kuwaita vibaraka na kufunga mjadala. Mimi siwaoni hivyo. Kwa Merere, adui mkubwa wa maisha yake alikuwa Mkwawa. Mjerumani alikuwa mgeni mwenye bunduki aliyefika kwa wakati mzuri. Kosa lake, ukiliita kosa, lilikuwa kudhani mgeni huyo ataondoka.

Pili, aliipasua Uhehe yenyewe. Desemba 1896 alimtawaza Mpangile, ndugu wa Mkwawa kwa baba, aliyekuwa amejisalimisha. Ilikuwa hesabu ile ile ya Tabora: damu ya utawala, mkono wa serikali. Lakini Isike alikuwa amekufa, na Mkwawa alikuwa hai, umbali wa siku chache za kutembea, na kila aliyemwamkia Mpangile asubuhi angeweza kumpelekea Mkwawa unga usiku. Februari 1897 Prince alimshitaki Mpangile kuwa anawasiliana na kaka yake kwa siri, akamnyonga. Alikuwa ametawala chini ya miezi mitatu. Kama kweli aliwasiliana naye, au alisingiziwa na mahasimu wa nyumbani waliojua jinsi ya kumtumia Mzungu kumalizia ugomvi wao, wanaoifahamu habari hiyo hawajakubaliana. Linalonivutia ni kwamba afisa mwenye boma, askari na bombomu alitegemea kabisa maneno ya watu ambao nia zao hakuweza kuzipima. Alikuwa akiona kwa macho ya kuazima.

Baada ya Mpangile hapakuwa na ndugu mwingine wa kuwekwa. Ikabaki njia ya tatu, na ndiyo iliyofanya kazi.

Mkwawa hakuwa na jeshi tena, lakini alikuwa akilishwa. Mtu anayewindwa porini mwaka mzima, kisha wa pili, haishi kwa asali na nyama ya porini peke yake. Anaishi kwa sababu kuna mwanamke kijijini anayetwanga zaidi ya mahitaji ya nyumba yake na hasemi. Prince alilielewa hilo vizuri kuliko waliomtangulia. Akaacha kumwinda Mkwawa, akaanza kuviwinda vyungu. Vijiji vilivyoshukiwa vilichomwa pamoja na ghala za nafaka, mashamba yalivunwa na askari au kuharibiwa, ng'ombe wakaswagwa, wanawake wakashikwa mateka ili waume watoke porini, na waliopatikana wakipeleka chakula wakanyongwa. Watu walihamishwa kutoka maeneo aliyopenda kujificha hadi yakabaki matupu. Njaa ikaingia, na njaa haichagui mfuasi na asiye mfuasi.

Kisha likatangazwa donge la rupia 5,000 kwa atakayemleta Mkwawa, hai au maiti. Nimejaribu kuipima fedha hiyo kwa kipimo cha wakati wake. Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa vijijini mwaka 1898 ilikuwa rupia 3, na watu wengi hawakuweza kuipata ila kwa kwenda kufanya vibarua. Donge hilo lingelipa kodi ya nyumba zaidi ya 1,600. Hata hivyo, ulipita muda mrefu bila mtu kulichukua. Ukitaka kujua utii wa watu kwa mtwa wao, usitafute hotuba. Tazama fedha iliyokaa mezani bila kuguswa.

Mwisho wenyewe ulikuwa mdogo. Julai 1898 doria ya sajini Merkl ilikuwa ikifuata nyayo kuelekea Mlambalasi. Waliyemkamata njiani alikuwa kijana aliyekuwa akimtumikia Mkwawa, na kwa maelezo yake wakasogea. Tarehe 19 walisikia mlio wa bunduki. Walipotambaa karibu waliona watu wawili wamelala kando ya moto. Merkl alilenga kichwa cha mmoja akapiga, akidhani amelala usingizi. Walipofika waligundua kwamba risasi ile ilimpata maiti: Mkwawa alikuwa amempiga mwenzake wa mwisho, kisha akajipiga mwenyewe. Kichwa kikakatwa na kupelekwa bomani Iringa.

Tazama lilivyojirudia. Isike alijilipua, Prince akamnyang'anya kifo chake kwa kitanzi. Mkwawa alijipiga risasi, na msaidizi wa Prince akampiga risasi ya pili asiyoihitaji, kisha wakachukua kichwa. Mara mbili mtawala amemkwepa afisa kwa kujiua, na mara mbili afisa amehitaji kuigusa maiti ili ushindi uonekane wake.

Haya tunayajuaje? Swali hili haliepukiki kwa mtu kama Prince. Alitoa kitabu cha kumbukumbu zake mwaka 1914, kinachosimulia vita dhidi ya Waarabu na Wahehe, lakini anwani yake yenyewe inakiri kwamba kinahusu ujana wake wa kiluteni, kuanzia 1890 hadi 1895. Kinasimama mlangoni mwa Iringa. Kalenga imo, kwa vishindo na mizinga, kama afisa apendavyo kukumbukwa. Vijiji vilivyochomwa, Mpangile, mateka wa kike, havimo. Miaka hiyo tunaipata hasa kwa mke wake, Magdalene, aliyeolewa naye mwaka 1896 na kufuatana naye hadi bara. Shajara yake ilitoka kama kitabu mwaka 1903, na inaleta mchanganyiko ambao msomaji wa leo huuona mgumu kuumeza: bustani ya mboga, kuku, homa, wageni wa chai, na katikati yake habari za kunyongwa watu, zote kwa sauti moja ya mama wa nyumbani. Hakukusudia kuwa shahidi. Labda ndiyo maana ni shahidi bora kuliko mumewe: anayejitetea huchagua la kusema, anayeandika alichokiona dirishani huacha mengi yapite.

Upande wa pili tuna masimulizi ya Wahehe, ambayo nayo yana yake. Yanakumbuka Lugalo kwa mapana, Mlambalasi kwa huzuni, na njaa ile kwa ufupi mno. Yanamkumbuka Merkl kuliko Prince. Ni haki yao. Kidonda hukumbuka kisu, si aliyekitengeneza. Ila kwa mtafuta historia kuna hasara hapo, kwa sababu aliyeshinda Uhehe kwa kweli alikuwa karani wa njaa aliyekaa bomani, akigawa doria na kusubiri mavuno yaharibike.

Kichwa kikawa na safari yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mtawala wa Kiingereza Horace Byatt aliona kwamba kukirudisha kungewafurahisha Wahehe, na jambo hilo likaingizwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919. Ibara ya 246 inaitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita, ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa. Na ibara hiyo hiyo inadai Msahafu wa Khalifa Uthmani urejeshwe kwa Mfalme wa Hijazi. Sijui mkataba mwingine wa dunia uliomweka mtu wa Kalenga katika safu moja na Msahafu huo. Wajerumani walisema fuvu hawana. Ilibidi Gavana Edward Twining, zaidi ya miaka thelathini baadaye, aende mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, apime mafuvu, na achague moja lenye tundu la risasi na vipimo vilivyokaribiana na vya jamaa za Mkwawa. Alilikabidhi Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Kwamba fuvu lile ni lenyewe, wapo wanaotilia shaka, na kipimo cha Twining kisingemridhisha daktari wa leo. Nilipoingia mara ya kwanza kwenye jengo lile dogo la makumbusho na kusimama mbele ya sanduku la kioo, sikuwaza vipimo. Niliwaza kwamba Bremen kulikuwa na kabati zima la kuchagulia. Yale mengine yaliyobaki pale yalikuwa ya akina nani?

Prince alikuwa ameacha jeshi mwaka 1900, miaka miwili tu baada ya Mlambalasi, akahamia Usambara kuwa mlowezi. Baadaye Kaisari alimpandisha kuwa mtu wa ukoo bora na kumruhusu kuweka "von" katika jina lake. Shamba aliliita Sakarani, na hapa kuna jambo la kufikirisha: jina alilopewa na askari na maadui, pengine kwa nusu kejeli, alilipokea, akalitundika kwenye lango la ardhi yake. Ardhi hiyo nayo ilikuwa na wenyewe, Wasambaa, ambao katika habari zake wanaonekana zaidi kama upungufu wa vibarua.

Vipi kuhusu nchi aliyoivunja? Mwaka 1905 Maji Maji ilipowaka kusini yote, Uhehe haikuinuka. Wahehe wengi walikwenda vitani upande wa Wajerumani, chini ya mkuu mpya wa boma la Iringa, Ernst Nigmann, ambaye baadaye aliandika kitabu kizima kuwasifu. Wapo wanaolitazama hilo kama mafanikio ya Prince. Naona limekaa vingine. Miaka saba haikuwa mingi. Waliokula mizizi mwaka 1898 walikuwa wazima na walijua bei. Na kupigana dhidi ya jirani kando ya mwenye nguvu lilikuwa jambo walilowahi kulifanyiwa na Merere na Kiwanga. Zamu ilikuwa imezunguka.

Agosti 1914 vita vya Wazungu vikavuka bahari. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni likae kando. Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amefika mwaka huo kushika amri ya jeshi, hakutaka kusikia. Prince, miaka 48, akavaa sare tena bila kusita. Tarehe 15 Agosti aliongoza kikosi kilichoiteka Taveta, upande wa Kenya, na kwa siku chache zilizofuata Sakarani yule wa zamani alionekana amefufuka. Akapewa kuongoza kampuni za walowezi, wengi wao wakulima wa Usambara, majirani zake wenye bunduki za kuwindia na sare zilizoshonwa nyumbani.

Mwanzoni mwa Novemba Waingereza walishusha Tanga wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao Wahindi waliochoshwa na safari ndefu ya meli. Lettow alikuwa na watu wapatao 1,000. Tarehe 4 walipigana kwenye mashamba na mitaani, katikati ya nyuki waliotoka mizingani wakiuma pande zote mbili, hadi washambuliaji wakarudi ufukweni wakiwa wamepoteza zaidi ya 800 kwa vifo, majeraha na kupotea. Ni ushindi ambao bado unafundishwa katika vyuo vya kijeshi. Katika mapigano ya mitaani, pale adui alipokuwa amekwisha kuingia mjini na mambo yako ukingoni, Prince aliingiza kampuni zake na akauawa. Mtoto wa Mwingereza, mzaliwa wa koloni la Uingereza, alipigwa risasi na jeshi la Uingereza akilinda koloni ambalo yeye mwenyewe alilipanua kwa miaka kumi.

Alikufa kwa njia ambayo angeichagua, nadhani: haraka, mbele ya watu wake, akiwa amelewa ile ile. Hakuishi kuona miaka minne iliyofuata, ambapo rafiki yake wa ujana aliizunguka nchi nzima akiwinda chakula kijiji hadi kijiji, na majeshi ya pande zote mbili yakawafanyia Wagogo, Wahehe na wengineo kile ambacho kapteni wa Iringa alikifanya kwa mpango mwaka 1898. Safari hii hakukuwa na mtu mmoja anayetafutwa. Ghala zilichukuliwa tu kwa sababu jeshi lilikuwa na njaa.

Tanga bado ina makaburi ya Wajerumani na askari wao waliokufa katika vita hivyo. Shamba la Usambara lilibadilisha mikono, likaangukia kwa watawa, wakapanda mizabibu. Lebo ya chupa haimtaji kapteni. Muuzaji niliyemuuliza Sakarani maana yake nini alicheka kidogo, akasema ni jina tu la mahali, la tangu zamani. Kisha akatazama nilichokishika mkononi na kusema, lakini kwa Kiarabu, kaka, inafaa.